Niendelee na Notepad, au nipokee zana anayotaka kunilipia kaka?

BARUA

Bibi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali mkoani Tanga, mwanamke wa miaka 31. Nafundisha Hisabati na Sayansi, ila kilichonifanya nishike kalamu ni klabu ya kompyuta ninayoiendesha kila Jumamosi asubuhi. Shule yetu ilipewa kompyuta za mezani na ofisi moja ya mjini ilipokuwa inabadilisha vifaa. Zinazowaka ni sita, zote za Windows 7. Watoto ni wa darasa la tano hadi la saba, na wanakaa watatu watatu kwa kila mashine. Intaneti hatuna. Nikiihitaji nawasha simu yangu, na bando linatoka mfukoni mwangu.

Mwaka huu niliamua kuwafundisha kutengeneza tovuti, kwa njia niliyofundishwa mimi chuoni: unafungua Notepad, kile kiandikio sahili kinachokuja na Windows, unaandika HTML, lugha ya kujengea kurasa za wavuti, kwa mkono, unahifadhi, unaitazama kwenye kivinjari. Haina gharama na kila mashine inayo. Siku walipoona majina yao yametokea makubwa kwenye kioo walipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuchungulia dirishani.

Furaha ile imepoa. Ninaandika mfano ubaoni, wao wanauingiza. Mtoto anataabika nusu saa, kumbe amesahau alama moja tu. Mwingine anahifadhi vizuri, lakini akifungua anaona msimbo wake vilevile alivyouandika, bila ukurasa wowote. Kuna binti wa darasa la sita, mwepesi kuliko wote kwenye Hisabati, alikuwa anakaa na wavulana wawili kwenye mashine ya karibu na mlango. Ameacha kuja. Nilipomuuliza akaniambia, "Mwalimu, ile kazi ni kunakili tu."

Sasa sikia la nyumbani. Kaka yangu mkubwa yuko Muscat, anafanya kazi kwenye kampuni ya usafirishaji. Baba alipofariki ndiye aliyenisomesha mpaka nikamaliza ualimu. Siku moja alinipigia kwa video nikiwa klabuni, akaona watoto wanavyohangaika. Akacheka, akasema ninawafundisha kulima kwa jembe la mkono wakati trekta lipo barabarani. Amepata huduma ya kutengeneza tovuti kwa kuburuta: unachagua kiolezo, unaweka picha, unaandika maneno, unabonyeza, tovuti iko hewani. Anataka kutulipia mwaka mzima, atuletee vishikwambi vitatu na awe ananitumia hela ya bando. Atalipa mwisho wa mwezi huu.

Mwalimu mkuu amefurahi sana, kwa sababu anataka shule iwe na tovuti kabla ya mahafali ya darasa la saba. Mwalimu mwenzangu wa klabu, kijana aliyeripoti mwaka jana, yeye anasema sote tumepotea, watoto waanze na Scratch, programu ya kujifunza kuprogramu kwa kupanga vipande vya rangi.

Mimi naona nikikubali la kaka watoto watajua kubonyeza tu, hawatajua kitu kimejengwaje. Nikikataa ninaonekana sina shukrani. Mama ameshanipigia kuniuliza kwa nini nambishia kaka yangu. Nifanyeje?

Mwalimu wa Jumamosi, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza habari ya zana, lakini kwenye barua yako kuna watu wanne na kila mmoja ana haja yake. Kaka anataka kuona kitu kikiwa hewani, akifungue kule aliko. Mwalimu mkuu anataka tovuti ya shule kabla ya mahafali. Mwenzako anataka Scratch. Wewe unataka watoto waelewe ukurasa umejengwaje. Hakuna zana moja itakayotosheleza haja zote hizo, na nadhani uchovu ninaousikia unatokana na kuitafuta hiyo moja.

Niruhusu nianze na yule binti, kwa sababu yeye ndiye aliyesema jambo zito kuliko sisi wote. Unaogopa kwamba kwa kuburuta watoto watajua kubonyeza tu. Yeye anasema kwa Notepad wamejua kunakili tu. Mtu anaweza kuandika HTML kwa mkono kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho na asielewe chochote, kama mfano wote uko ubaoni na kazi yake ni kuuhamisha. Kwa hiyo kabla ya kuipima zana ya kaka, jiulize kama unachokitetea ni Notepad yenyewe au ni uelewa uliotarajia Notepad ingewaletea. Nimeona maabara nyingi za kompyuta enzi zangu za kufundisha, na walimu wengi, mimi nikiwemo, tunaipenda zana kwa kuwa ndiyo tuliyofundishwa nayo. Si dhambi, ila ni vizuri kulijua.

Halafu umeandika, kama kwa bahati, kwamba alikuwa anakaa na wavulana wawili. Kibodi ilikuwa kwa nani? Mashine moja ikiwa na watoto watatu, mara nyingi mmoja anaandika, wa pili anaelekeza, wa tatu anatazama. Sijui yeye alikuwa yupi. Ukimuuliza, huenda ukakuta tatizo halikuwa HTML hata kidogo, na vishikwambi vitatu vya kaka vingelizidisha: watoto kumi na wanane kwa vioo vitatu.

Basi tuseme unabaki na Notepad. Mambo mawili matatu yanayokusumbua yana dawa isiyohitaji fedha. Yule mtoto aliyeona msimbo badala ya ukurasa, faili lake limehifadhiwa kama index.html.txt. Notepad huongeza .txt yenyewe, na Windows huificha sehemu hiyo ya mwisho, kwa hiyo yeye anaona index.html na anadhani kompyuta inamwonea. Wakati wa kuhifadhi achague aina ya faili zote, na wewe uende kwenye mipangilio ya folda uondoe ule ufichaji kwenye mashine zote sita. Lile la alama moja iliyosahaulika linapungua sana ukitumia kihariri kama Notepad++, ambacho ni cha bure, ni chepesi, na huzipa tagi, yaani zile alama za HTML zilizo ndani ya mabano, rangi yake na maneno ya kawaida rangi nyingine. Unakipakua mara moja kwa simu yako na kukipitisha kwa flashi. Mtoto akisahau kufunga alama za nukuu, rangi zinavurugika hapo hapo na jicho lake linaona.

Lipo jingine ambalo sijui kama limekukuta. Shuleni tunawafundisha kuandika colour na centre, Kiingereza cha Uingereza. CSS, ambayo ndiyo lugha ya kupamba ukurasa, inakubali color na center tu. Mtoto akiandika colour kivinjari hakilalamiki. Kinaruka mstari ule na kuendelea, rangi haitokei, na mtoto aliyeandika sahihi kwa mujibu wa daftari lake la Kiingereza anaamini amekosea mahali pengine. Ukimya huu wa HTML na CSS ndio unaowachosha wanaoanza. Hakuna ujumbe wa kosa.

Lakini dawa hizi hazigusi lile la kunakili. Kwa hilo ningekushauri ujaribu kuwapa ukurasa ulioharibika badala ya ubao uliojaa. Tengeneza ukurasa mmoja kuhusu timu ya mpira ya shule, uuvunje kwa makusudi: kichwa kisichofungwa kikafanya ukurasa mzima uwe wa maandishi makubwa, picha isiyotokea, kiungo kisichokwenda popote. Waambie wautengeneze. Watoto wako wanaweza kufanya mengi kwa tagi kumi tu, na aliyetafuta kosa la mwenzake akalipata ameelewa zaidi ya aliyenakili ukurasa mzuri. Hatari yake ni kwamba maandalizi yanakula muda wako wa Ijumaa jioni, na wewe si mashine.

Sasa trekta. Kaka yako hajakosea kila kitu. Mtoto anayeburuta picha na kupanga vichwa anajifunza jambo ambalo Notepad inaweza kumchelewesha asilifikie: nani atausoma ukurasa huu, aanze kuona nini, neno gani ni la ziada. Hilo pia ni kujenga tovuti. Watu wengi wazima wanaolipwa kwa kazi hiyo hawaandiki HTML kutwa, wanatumia WordPress na zana za namna hiyo. Sioni sababu ya kuliita kubonyeza tu.

Wasiwasi wangu upo kwenye mambo ambayo kaka, akiwa Muscat, hawezi kuyaona. Huduma hizi hufanya kazi ndani ya kivinjari kipya. Kivinjari cha Chrome kiliacha kuihudumia Windows 7 mwanzoni mwa mwaka 2023, na tovuti nzito za kuburuta huenda zisifunguke sawasawa kwenye kompyuta zenu, au zifunguke kwa kusuasua mpaka mtoto asinzie. Lijaribu hilo Jumamosi moja kwa bando la simu kabla ya mtu yeyote kulipa. Pili, huduma nyingi za mtandaoni hazimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kufungua akaunti yake mwenyewe, na wengi wa wanafunzi wako wako chini ya hapo. Akaunti itakuwa moja, yako, na watoto watapokezana ndani yake kwa nenosiri moja. Anayefuta kazi ya mwenzake, kwa utani au kwa bahati mbaya, hatajulikana.

Tatu ni mwaka wa pili. Zana za kufundishia watoto mtandaoni zina tabia ya kufa. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, walikuwa na Thimble, nzuri sana kwa kazi hii hasa: msimbo upande mmoja, ukurasa upande wa pili. Ilianza 2012, ikafungwa mwishoni mwa 2019. Waliohamia Glitch, huduma nyingine ya namna hiyo, nao wakaambiwa mwaka 2025 kwamba haitahifadhi tena miradi ya watu. GeoCities, ambako watu wengi walijengea kurasa zao za kwanza, ilizimwa 2009. Hizo zilikuwa huduma za bure au zenye sehemu ya bure. Ya kulipia ina hatari yake ya ziada, kwamba malipo yakikoma tovuti inaondoka, na mara nyingi huwezi kuichukua jinsi ilivyo ukaihamishia kwingine. Ukurasa wa HTML ulio kwenye flashi hauna tatizo hilo. Ule wa kwanza kabisa wa wavuti, kazi ya Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, uliwekwa wazi kwa umma 1991, na nakala yake ya zamani bado inafunguka kwenye kivinjari cha leo. Sikuambii hivi ili umkatae kaka. Ukichagua njia yake, ingia ukijua kwamba kazi za watoto zinahitaji nakala nje ya huduma ile, hata kama ni picha za kioo tu.

Kijana wako wa Scratch naye asidharauliwe. Inafundisha kufikiri kwa hatua, na inatumika bila intaneti. Ila toleo lake jipya la kompyuta linataka Windows 10, kwa hiyo mtabaki na matoleo ya zamani. Tena Scratch hutengeneza michezo na hadithi zinazotembea, wala si tovuti. Mpe Jumamosi zake uone watoto wanavyolipokea. Anaweza akamrudisha yule binti, nani ajuaye.

Kati ya Notepad na kuburuta kuna njia ambazo hukuzitaja. Kuna SeaMonkey, kivinjari cha bure chenye sehemu iitwayo Composer: unaandika kama kwenye Word, kisha unageuza kioo kuona msimbo ulioandikwa chini yake, unabadilisha kitu huko, unarudi kuona kilichotokea. Haihitaji intaneti ikishasakinishwa. Kwa mtoto anayechoka na alama, kugeuza huku na huku kunamwonyesha uhusiano ambao wewe unaulilia. Kasoro yake ni kwamba sura yake ni ya kizamani, na msimbo inaouandika yenyewe wakati mwingine ni mchafu.

Njia nyingine iko tayari ndani ya kivinjari. Hifadhi kwa simu yako kurasa chache za tovuti wanazozijua, zifungue klabuni, bofya kulia kwenye kichwa cha habari, chagua kukagua, badilisha maneno. Tovuti ya gazeti inasoma jina la mtoto! Hakuna kilichobadilika kule kwenye seva, kompyuta inakokaa tovuti yenyewe, ni kwenye kioo chake tu, lakini mshangao ule unafungua akili kuliko mhadhara. Uwaambie mapema, na kwa ukali kidogo, kwamba kupiga picha kioo kile na kuisambaza WhatsApp kama habari ya kweli ni uongo unaoweza kumfikisha mtu pabaya. Kuna mwerevu mmoja atakayejaribu. Daima yupo.

Tovuti ya shule ningependa uitenge kabisa na klabu, angalau kichwani mwako. Tovuti rasmi inataka jina la kikoa, yaani anwani yake ya mtandaoni, na shule za Tanzania zina mwisho wake wa sc.tz. Inataka mtu wa kuisasisha ukihamishwa. Inataka ridhaa za wazazi kabla picha na majina ya watoto hayajawekwa hadharani, kwa sababu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Huo ni mzigo wa mwalimu mkuu na kamati ya shule. Hapo zana ya kuburuta inaweza kufaa kweli, na huenda fedha za kaka zikapata mahali pake bila kugusa Jumamosi yako. Lakini mkikubaliana hivyo, jihadhari usije ukawa ndiwe msasishaji wa kudumu asiye na posho.

Na kaka? Hajakutukana, ingawa kicheko kiliuma. Yuko mbali, anatuma hela, na angependa kuona kitu kwa hela ile. Unapomwambia Notepad ni bora, yeye anasikia mchango wake hautakiwi. Ninajiuliza kama amewahi kuonyeshwa kazi ya watoto ikiwa imekamilika, au aliona tu siku ile ya kuhangaika. Folda ya ukurasa mmoja mzuri inabanwa kuwa faili moja na inakwenda kwa WhatsApp, ataifungua kwenye kompyuta yake. Majina ya faili yawe kwa herufi ndogo bila nafasi, na picha ziwe ndani ya folda ileile, maana picha iliyoitwa kutoka diski C: ya kompyuta yenu haitaonekana kwake. Akitaka kiungo cha kuwaonyesha rafiki zake, huduma kama Neocities hupokea kurasa hizo hizo za HTML bila malipo, kwa akaunti yako, bila majina kamili ya watoto wala sura zao. Huko nako kila mtu duniani anaweza kusoma, na wenye kurasa jirani si wote wanaofaa watoto, kwa hiyo upakie wewe, wao wasiingie.

Unaweza pia kumweleza mnachokosa hasa. Kwa maelezo yako ningedhani ni kompyuta nyingine mbili tatu ili watoto wakae wawili wawili, lakini wewe ndiye unayekijua chumba. Huenda akakubali kwa furaha. Huenda akanuna, kwa sababu mtu aliyeshachagua zawadi hapendi kuchaguliwa nyingine, na hapo utalazimika kupima mwenyewe kipi unaweza kuishi nacho: mwaka mmoja wa huduma ambayo hukuipenda, au miezi kadhaa ya ubaridi nyumbani. Siwezi kukupimia hilo, wala mama hawezi, ingawa ningezungumza na mama kwanza, umweleze kwa utulivu kwamba hujakataa kitu bado. Kwa sasa yeye ana upande mmoja tu wa hadithi.

Mwezi haujaisha. Vyovyote utakavyoelekea, kabla kaka hajalipa mwombe akujibu mawili: mwaka wa pili atalipa nani, na akaunti itafunguliwa kwa barua pepe ya nani.